Nusu Milimita

Águeda kunanukia mafuta ya mnyororo na mkate wa mahindi,
saa moja kasoro asubuhi, ukungu wa mtoni haujaamka.
Nafungua kabati namba kumi na saba,
navaa aproni yenye jina lililofifia: Adosinda.
Jina la bibi yangu, ambaye hakuwahi kupanda baiskeli
ila mara moja, nyuma ya tarishi, akaangukia kabichi.

Kazi yangu ni magurudumu.
Kitovu katikati, spoki thelathini na mbili,
kila moja inamvuta mwenzake upande wake,
na ubishi wao wote ndio unaoleta duara.
Nimeishi na ubishi huo miaka kumi na tisa.
Nazungusha, natazama pengo kati ya ringi na kipimo:
nusu milimita, hiyo ndiyo ruhusa.
Robo kulia. Thumni kushoto.
Nadonoa spoki kwa ukucha, inaitika;
ikiitika chini imelegea, ikipiga kelele itakatika
chini ya mtu nisiyemjua, Ghent au Oslo,
anayewahi kazini mvuani.

Mwaka jana wakaleta mashine.
Ina mikono minne, haina mgongo wa kuuma,
haina mama wa kuzikwa Jumanne.
Belmiro msimamizi aliipapasa kama farasi wa mkopo.
Sasa mashine inasuka, mimi nakagua,
nabandika karatasi ya kijani, nabandika karatasi ya kijani,
na jioni mikono yangu inarudi nyumbani
kama wageni walioalikwa wasipewe chakula.

Lakini Jumamosi
Zulmira wa chumba cha rangi anapiga honi dirishani,
baiskeli juu ya gari lenye mlango wa rangi nyingine.
Fremu yake kaipaka mwenyewe kwa mabaki,
zambarau waliyoikataa wateja wa Denmark.
Tunaupanda Caramulo.
Kupanda ni deni, tunalilipa senti kwa senti,
gia nyepesi kuliko zote, moyo unabisha hodi kooni,
mikaratusi inatupukutishia maganda kofiani,
na Zulmira, miaka hamsini na miwili, analaani kila kona
kwa jina la mtakatifu mwingine.

Kisha mteremko.

Jiwe. Mzizi. Breki ya nyuma, kidole kimoja.
Makalio nyuma ya tandiko, magoti yalegee,
usilitazame jiwe, ukilitazama utalifuata,
tope, daraja la mbao lenye ukoga,
halafu hewa,
muda wa kumeza mate tu, chini hakuna,
halafu ardhi inanipokea kama mlango uliobamizwa
na ninacheka kicheko nilichokiacha darasa la nne.

Kwenye itale, karibu na kinu kilichobomoka, nikasikia: ting.
Spoki moja. Gurudumu likaanza kulewa.
Zulmira akasema tutembee hadi barabarani.
Nikaigeuza baiskeli miguu juu, nikakaa kwenye majani mabichi.
Kipimo sikuwa nacho. Nilifunga kijiti kwenye uma
kwa lastiki ya nywele, kikawa kipimo.
Nikalegeza huyu, nikakaza majirani zake,
robo, thumni, nikadonoa, nikasikiliza.
Mikono haikuniuliza kitu.
Zulmira alikula mkate wake wa soseji, kisha akala na wangu.

Tulifika chini na milimita mbili nzima za kuyumba.
Kiwandani lingetupwa kwenye pipa jekundu.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake:
hili nimelilalia, kunguni wote nawajua kwa majina.

Jumatatu tope limo kuchani, sabuni ya karakana imeshindwa.
Belmiro akaona, akanyamaza.
Akanisukumia toroli lenye magurudumu tisa
yaliyoishinda mashine.
Hakuondoka. Akajikuna shingo.
"Huko mlimani," akauliza, "mtu mwenye goti baya anaweza?"

Nikadonoa spoki ya kwanza. Chini mno.
"Inategemea," nikamwambia. "Goti lipi?"